Rungu la Mti Mmoja

Juzi kijana mmoja anayelinda geti la jirani yangu hapa Tabata alinionyesha kitu cheusi cha plastiki kinachoning'inia kiunoni mwake. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Rungu hilo, babu." Nikalishika, nikalipima mkononi, nikamrudishia. Nikamwambia ni kitu kizuri, chepesi, mvua haitakiozesha na mchwa hawatakigusa, lakini rungu siyo. Akacheka mpaka akaegemea geti, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Ndiyo maana nimechukua daftari. Mimi, fundi Chilumba, nimechonga marungu Chang'ombe kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika rika lenu nyie vijana hakuna wa kunibishia kwenye jambo hili. Someni kwanza, ubishi utakuja baadaye.

Fimbo ni mti mwembamba wa kutembelea au kuswagia mbuzi. Bakora ina mkono uliopinda, ni ya wazee wanaokwenda msikitini na ya walimu ambao sitawataja. Kile cha askari ni kirungu, kifupi, kimenyooka, unene wake mmoja juu mpaka chini. Mpini ni wa jembe, na ukimpiga nao mtu haugeuki kuwa kitu kingine. Rungu lina kichwa. Uzito wote uko kichwani, mkono ni wa kushikia tu, na hivyo viwili ni mti mmoja ulioota pamoja. Hapo ndipo jina lilipo. Kichwa usikiongeze, kitafute kwenye mti.

Wengi hilo hawalijui. Wanadhani fundi anachukua mti mnene anaupunguza mpaka kichwa kinabaki. Unaweza kufanya hivyo, na utapata kitu chenye sura ya rungu, ila utakuwa umekata nyuzi za mti pale shingoni, na siku ya kazi litavunjika hapo hapo. Rungu la kweli linatoka pale shina linapokutana na mzizi, ambapo mti wenyewe umevimba. Unaukata mkwaju au mvinje chini kabisa, unageuza juu chini, na rungu limo ndani linakusubiri. Mpingo ni mzuri kwa macho, lakini ukiukausha kwa haraka unapasuka, na ni mzito kwa mtu wa kusimama nao toka asubuhi hadi jioni.

Vipande vikishakatwa unavifukia kwenye vumbi la mbao kivulini, wiki nyingi, usivisumbue. Halafu tezo, halafu tupa, halafu msasa. Kichwani paka mafuta unavyotaka. Mkononi usipake vanishi hata kidogo, maana kiganja kikitoka jasho litateleza. Urefu ni kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, ongeza kiganja kimoja, na kiwiko kiwe cha mteja, si chako. Mimi nilisahau hilo kwa mteja wangu wa kwanza, mtu mfupi sana, nikampimia mkono wangu. Alikuja kunirudishia akisema, "Fundi, hili nikilishika naonekana nimebebwa mie."

Aliyenifundisha ni Mzee Nangumbi, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Alikuwa mkali, mbishi, anapiga chafya za ugoro mpaka banda linatikisika. Alinipokea kwa sababu wazazi wangu wanatoka Masasi, na kwake yeye mtu yeyote wa kusini alikuwa ndugu mpaka siku atakapoharibu patasi. Mimi niliharibu patasi wiki ya kwanza. Aliniacha niinoe siku nzima bila kunisemesha, jioni akaipitisha kwenye ukucha wake, akasema, "Sasa ni patasi. Kesho anza kazi."

Alikuwa na tabia ya kugonga kila rungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. La mti mmoja linalia. Lenye ufa linakohoa, hivyo ndivyo alivyosema. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe za wazee. Baada ya mwaka nilianza kusikia mwenyewe, na mpaka leo nikipita mahali pana meza nagonga, mke wangu ananiona chizi.

Wateja wetu walikuwa wa kila namna. Kulikuwa na Mmasai mmoja aliyelinda duka la vifaa vya ujenzi, alinirudishia rungu mara tatu. Kwao rungu ni la kurusha, na yeye alikuwa anasimama uani kwetu, anarusha kwenye tairi bovu lililoegemezwa ukutani, kisha anatikisa kichwa. "Linakwenda kama mlevi hili," akaniambia. Nikapunguza shingo. Akarusha. "Sasa halijalewa, lakini lina usingizi." La nne lilipiga tairi katikati, akalibusu, akaondoka bila kuaga. Nilijifunza mizani ya rungu kwa mtu yule zaidi kuliko kwa mwalimu yeyote. Mwingine alikuwa dada wa ofisini, alitaka rungu la kumzawadia bosi wake anayestaafu. Tulimchongea la mpingo, dogo, la heshima, la kushika kwenye picha. Hilo nalo ni rungu halali. Mwenye nalo hatalirusha popote, lakini limetokana na mti mmoja.

Sasa nije kwenye biashara yenyewe. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa vitu. Mimi nilikuwa nimezoea duka lenye sabuni tatu na muuzaji aliyenuna, ghafla kila uchochoro una genge, kila uwanja una mitumba, na maghala ya Chang'ombe yamejaa mpaka juu. Vitu vikishajaa vinataka mlinzi. Zikazuka kampuni za ulinzi za watu binafsi, na kila mlinzi alikabidhiwa filimbi, tochi na rungu. Filimbi na tochi vilitoka dukani. Rungu lilitoka kwetu.

Walinzi nao walikuwa na taratibu zao, na nyie mnaovaa sare leo zichukueni hizi bure. Kamba ya rungu usiizungushe kwenye kifundo cha mkono, maana mwizi akilidaka atakuburuta nalo. Usilinyanyue juu ya bega, mtu ataingia kwapani kwako. Shabaha ni goti, siyo kichwa, wewe si muuaji. Na kabla ya yote hayo, mlinzi akiona jambo, kitu cha kwanza ni kuligonga rungu kwa nguvu kwenye mlango wa chuma. Mara tatu. Mlio ule unawaambia wenzake waje na unamwambia mwizi aende. Mlinzi mzuri alimaliza kazi yake kwa mlango tu, mwaka mzima hajamgusa mtu.

Basi ikaja oda kubwa kutoka kampuni mojawapo iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Marungu mia moja na hamsini, wiki tatu. Mzee Nangumbi alikuwa anajiandaa kwenda Newala kwenye jando la wajukuu zake. Alitazama vipande tulivyokuwa navyo kwenye vumbi la mbao, akasema vinatosha marungu sitini. "Wape sitini. Waambie mengine bado," akasema, akafunga mzigo wake, akaondoka.

Mimi nilikuwa kijana, nina mikono, na nilitaka arudi akute nimefanya jambo. Nilichonga yale sitini vizuri, hayo siyaonei aibu. Yaliyobaki tisini niliyafanya kwa akili yangu. Nilikereza vichwa kwenye mashine, mviringo safi, mikono nikaitoa kwenye mabaki ya mbao za vitanda. Nikatoboa vichwa kwa keekee, nikaingiza mikono kwa gundi, nikaziba kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, nikapiga msasa. Mwisho nikapaka yote rangi nyeusi ya viatu. Yalipendeza kuliko yale sitini. Msimamizi wa kampuni alipokuja kuyachukua alisema hajawahi kuona mkono wa fundi kama wangu, nami nikaamini.

Athumani alikuwa mlinzi wa ghala moja la mitumba, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mzaramo wa Tandika, mpole, mcheshi, kila mchana alikuwa anapita bandani kwetu kusalimia na kusifia vitu. Alipokabidhiwa rungu jipya alikuja kunionyesha, analizungusha. "Braza, hili limenikaa," akasema. Lilikuwa moja ya yale tisini.

Ijumaa moja saa saba mchana, wenzake wamekwenda kuswali na yeye kabaki zamu, vijana watatu waliruka ukuta wa ghala. Athumani akafanya alivyofundishwa. Akagonga mlango wa chuma. Alipogonga mara ya kwanza tu, kichwa cha rungu kikang'oka, kikaruka, akabaki ameshika ufito. Wale vijana walimcheka. Kisha wakampiga, wakamfungia kwenye choo cha nje, wakafungua geti, wakapakia marobota kwenye pikapu iliyokuwa inasubiri, wakaondoka zao.

Walioingia baadaye walimkuta mule chooni, uso umevimba. Walimkuta pia na ule ufito. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, maana mahali palipoachana palikuwa safi kabisa, duara nzuri, hapana hata uzi mmoja wa mti uliochanika. Mwenye ghala akasema mti haukatiki hivyo kwa kugonga mlango. Huo umekatwa kwa msumeno. Yaani Athumani amelikata rungu lake mwenyewe, akakitoboa kichwa, akalibandika kidogo, ili apate kisingizio, na vijana wale ni wenzake.

Jioni ile ile msimamizi wa kampuni alikuja bandani na vile vipande viwili kwenye mfuko wa rambo. Akaviweka mbele yangu.

"Fundi, we ndo unajua haya mambo. Rungu lako linaweza kuvunjika hivi lenyewe?"

Nilivitazama. Gundi yangu ilikuwa pale, imekauka, rangi ya asali. Pembeni walikuwapo mafundi wenzangu wawili na mama anayetuletea chakula, wote wananiangalia mdomoni.

Nikasema, "Rungu langu halivunjiki."

Ilitoka yenyewe, wala haikuchukua muda. Msimamizi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ndivyo alivyofikiri, akavirudisha mfukoni. Usiku ule Athumani alilala kituo cha polisi. Katika maelezo waliyoandika, nilikuja kujua baadaye, palikuwa na neno la fundi.

Jumamosi nilifanya kazi kwa bidii sana. Jumapili vilevile. Nilijiambia watamhoji, watamwona hana kosa, watamwachia. Nilijiambia na mengine mengi, na mengi yalikuwa na akili. Nikisema nimeyaunga, kampuni haitarudi, na Mzee Nangumbi atakaporudi atakuta jina lake limechafuka mtaa mzima. Nilikuwa namtetea mzee, hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Jumatatu asubuhi mke wa Athumani akaja. Mwanahawa, mtu wa maneno machache, amefunga kanga kiunoni kama anayekwenda kazini. Nikamkaribisha benchi. Hakukaa.

"Shikamoo sikupi, tu rika moja," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Wanasema kalikata kwa msumeno. Fundi, nyumbani kwetu hatuna msumeno. Sie hata kuni tunanunua zimeshapasuliwa."

"Pole sana, dada," nikasema.

"Sasa wamenambia kesho wanaenda Tabata kwa mdogo wangu. Yeye ni seremala. Wanasema basi msumeno kaupata kwake." Akaikaza kanga yake. "Mie nilikuwa nataka unifundishe. Nikiwaambia rungu limekatika lenyewe, niwaambie limekatikaje? We ulisema halikatiki. Basi nifundishe, nikaseme nini."

Vijana, nimeshawahi kukatwa na tezo mguuni, nimewahi kuangukiwa na gogo la mvinje, na sijawahi kuumia kama nilivyoumia asubuhi ile. Mwanamke yule hakuja kunilaumu. Aliniheshimu, na alikuja kwangu kujifunza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikamwambia, "Twende wote. Nitasema mwenyewe."

Rafuni yalikuwa yamebaki marungu manne ya akiba, niliyoyaunga zaidi ya yale tisini. Niliyakusanya yote kwapani, tukaenda mpaka ghalani. Mwenye ghala alikuwepo, na msimamizi, na wapagazi kama kumi wanashusha mzigo. Nikawasalimu. Nikaomba waje mlangoni. Nikachukua rungu la kwanza, nikagonga mlango wa chuma kwa nguvu zangu zote. Kichwa kikang'oka, kikabingirika mpaka chini ya lori. Mpagazi mmoja akacheka, wengine wakasogea karibu. Nikachukua la pili. Liligoma mara ya kwanza, ya pili likang'oka. La tatu sikuligonga, nilimpa msimamizi aligonge mwenyewe, akaling'oa kwa pigo moja. Nikawaonyesha mahali palipoachana. Duara safi, hapana uzi uliochanika, kama lile la Athumani.

"Haya siyo marungu," nikasema. "Rungu ni mti mmoja. Haya nimeyaunga kwa gundi nikayapaka dawa ya viatu. Nimewauzia tisini. Athumani hakukata kitu. Ijumaa uliponiuliza nilikudanganya."

Msimamizi alinitukana matusi ambayo hayaandikiki, na yote yalinistahili. Mwenye ghala aliokota kichwa kimoja, akachungulia tundu lake, akakitia mfukoni. Tukaongozana hadi kituoni, nikaeleza upya, nikaandikiwa maelezo, nikatia sahihi. Saa tisa alasiri Athumani akatoka, uso bado una uvimbe, Mwanahawa akamshika mkono.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na kazi naiweza. Nilizunguka kila lindo la kampuni ile, Chang'ombe, Keko, mpaka Tabata, nikakusanya yale mengine yote moja moja kutoka mikononi mwa walinzi, nikieleza kila mahali kwa nini. Wengine walinifukuza. Mzee mmoja wa lindo alikataa kunipa, akasema lake zuri. Nikamwomba agonge geti, akagonga, akanipa vipande. Mzee Nangumbi aliporudi alikuta rundo uani. Akaokota moja, akagonga kwa kidole, akasikiliza, akaniangalia. Nikamsimulia yote. Akapiga chafya zake mbili, akasema, "Hayo chemshia maharage." Kesho yake tukaenda Kisarawe kutafuta mikwaju. Ilituchukua miezi kulipa marungu yote tisini, ya mti mmoja, na kila moja alikuwa analigonga yeye kwanza. Kampuni haikutuacha. Msimamizi alisema fundi aliyejisema mwenyewe mbele ya wapagazi hatadanganya tena, na kwa habari ya marungu alikuwa sahihi. Sijaunga tena rungu tangu siku ile, na waliojaribu kufanya hivyo katika banda langu niliwafukuza hapo hapo.

Kwa hiyo kuhusu rungu naweza kusimama mbele ya yeyote. Jina lake, mti wake, matumizi yake, na gharama ya kuuza kitu kingine kwa jina hilo, yote nayajua. Kitu kimoja tu ndicho kilichonishinda.

Athumani alipata nafuu, akarudishwa kazini ghala lile lile. La kwanza katika yale mapya nilimchongea yeye, la mkwaju, kwa kipimo cha kiwiko chake. Nilitaka aje alichukue ili nimwombe radhi vizuri. Alikuja mchana mmoja. Akalishika, akalipima, akaligonga kwenye nguzo ya banda, likalia vizuri. Akasema asante. Nikaanza kusema yangu, akanyanyua mkono kunizuia.

"Ngoja kwanza, fundi. Ile Ijumaa, msimamizi alipokuletea vile vipande. Ulijua?"

"Nilijua."

"Pale pale? Au ulikuja kukumbuka baadaye?"

Angekubali kama ningesema ni baadaye. Nilimwona usoni anatamani niseme hivyo.

"Pale pale," nikasema.

Akalihamishia rungu mkono wa pili. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, "Wale vijana walionipiga nilikuwa siwajui, Chilumba. Wewe nilikuwa nakujua."

Akachukua rungu lake akaenda zamu. Leo tumezeeka wote wawili, tunasali msikiti mmoja, nilimtengenezea binti yake kitanda cha harusi, na tukikutana tunapeana mikono na kuulizana hali. Alishanisamehe zamani, aliniambia mwenyewe. Ila mchana ule nilisimama pale bandani na tezo mkononi, natafuta neno la kumjibu, na mpaka leo sijalipata.